Maneno Machache Niliyompa Baba

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na paka wako bado mwizi. Nchi tatu zimeungana kutuletea meli ya madaktari wanaozunguka visiwa vyetu vyote, nami nimepata kibarua cha ukalimani. Jirani yetu, fundi viatu, ametolewa mtoto wa jicho. Sasa analalamika kwamba hakujua mkewe amezeeka hivyo.

Jumanne nilifungua pazia kumwita mgonjwa wa kumi na mbili, nikamkuta Baba. Hakuwa ameniambia kwamba anaumwa. Alipigwa picha ya tumbo, kisha daktari akaongea taratibu, huku akinitazama mimi. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mkalimani haongezi neno wala hapunguzi. Nikamgeukia Baba nikasema, "Ni vidonda vya tumbo. Kunywa hizi dawa, upumzike." Baba akampa daktari mkono, akamshukuru kwa tabasamu, na daktari akabaki ameduwaa.

Tangu hapo nawafasiria wagonjwa wengine neno kwa neno, kana kwamba itasaidia.

Jana Baba alikuwa akimenya viazi, akaniambia bila kuinua macho, "Yule daktari alisema maneno mengi, mwanangu. Wewe ukanipa machache."

Akachukua kiazi kingine.

"Basi mwandikie kaka yako aje. Yeye mpe yote."

Haya ndiyo yote, kaka: ni saratani, na daktari alisema miezi mitatu.

Mdogo wako