Mshumaa Uliozimika Bila Upepo

Mapendo, Goma
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Vedasto,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, ambaye siku hizi analala karibu na mlima unaotoa moshi na bado anaota ndoto nzuri. Je, hujambo? Wifi naye hajambo? Na huyo bwana mdogo uliyempa jina la marehemu baba, meno yameshaota? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo miguu kwa kutembea na nimenenepa uso kwa bugali, ndio ugali wa huku, hivyo usitume chochote.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini kaka, kila nikikupigia na kutaja nyumbani, mtandao wa Mpanda hukatika ghafla, na tukizungumzia mpira mtandao huo huo hudumu saa nzima. Basi nimeona niandike. Barua ukitaka kuikatisha lazima uikunje kwa mkono wako mwenyewe, na ninakuomba usiikunje kabla hujafika kwenye jina langu. Miaka kumi na mitatu hujakanyaga Kasulu. Kila Krismasi mama anapakua sahani yako, anaifunika, na jioni anawapa watoto wa jirani. Sikulaumu. Lipo jambo la kukuambia, ila kwanza acha nikupe habari za huku, maana unanijua, nikiona kitu kipya siwezi kunyamaza.

Huu ni mwezi wangu wa pili wa mafunzo ya kujitolea. Zimebaki wiki tatu tupewe fulana na vitambulisho, kisha tuanze kazi wenyewe. Nimepangiwa kukaa kwa Mama Kasoki, mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa maharage, mcheshi kweli na mkali kweli. Hapa wananiita Emerance. Emerensiana wameona ni refu mno kwa mtu mfupi. Mji mzima umekaa juu ya mawe meusi ambayo mlima uliyatapika, na watu wameyapasua wakajengea kuta, vyoo, hata vitalu vya maua. Mawe hayo yanakula viatu. Soli zangu zilikwisha wiki ya pili, Mama Kasoki akanipeleka kwa fundi akimwambia aviwekee mpira wa tairi, kwa sababu huyu mutoto anatembea kama mwenye kutafuta kitu alichopoteza.

Kuna chombo wanakiita chukudu, cha mbao tupu, magurudumu mawili, hakina injini, na kinabeba magunia sita ya viazi. Nilimsimamisha mwenye chukudu mmoja nikamuuliza mbao ni za mti gani, breki ni ipi, anapanda mlima vipi, na akipiga goti juu yake kwenye mteremko anawezaje asianguke. Alijibu yote kwa upole, kisha akaniuliza kama ninataka kununua chukudu au kuolewa na mwenyewe. Kituku, kwenye soko la samaki, nilijifunza kula sambaza, vidagaa vya ziwa la huku, pamoja na vichwa vyake. Nikawaambia dagaa wa Kigoma ni watamu zaidi, nikaponea chupuchupu.

Jambo moja tu limewashinda kunibadilisha. Siku ya kwanza nilichuchumaa mbele ya Mama Kasoki nikapiga makofi taratibu, kama bibi alivyotufundisha kumsalimu mkubwa. Alicheka mpaka akashikilia mlango. Akasema, “Emerance, simama! Miye si sanamu ya kanisa!” Watoto wa mtaa wakawa wanakuja kila asubuhi kunitazama nikimsalimu. Lakini sikuacha. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kuacha chakula chake na lugha yake mpakani, heshima haachi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, kuna sehemu inaitwa Lac Vert, na huko ardhi inatoa hewa mbaya. Wenyewe wanaiita mazuku. Haionekani, hainuki, na ni nzito kuliko hewa yetu, hivyo inajaa mabondeni na kwenye mashimo kama maji yanavyojaa bakuli. Asubuhi kukiwa hakuna upepo ndiyo hatari zaidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama huku mbwa anayemfuata anakufa. Sisi tunafundishwa kuyatambua mashimo hayo, kuweka alama, na kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu, hasa waliohamia juzi juzi. Mwalimu wetu ni Muzee Nzabonimpa, aliyewahi kuwa mchungaji wa mbuzi. Alipoteza mbuzi tisa asubuhi moja, ndipo akaanza kusoma habari za hewa.

Jumanne iliyopita alitupeleka huko. Nilitangulia kidogo, kama kawaida yangu, nikamkuta bibi mmoja, Koko Cikuru, ameketi juu ya jiwe kando ya njia akichambua lengalenga. Chini ya jiwe palikuwa na kibonde kidogo chenye majani makavu. Kaka, niliteremka humo ili niwe chini yake, nikachuchumaa, nikaanza kupiga makofi ya salamu. Nilisikia ladha ya uchachu puani, kisha kichwa kikawa chepesi, na mikono yangu mwenyewe nikaiona iko mbali. Koko Cikuru alitupa mboga, akanishika kilemba pamoja na nywele zangu, akapiga kelele, “Simama! Simama mbio, mutoto! Apo chini ni mazuku!” Alinivuta mpaka juu ya njia, bibi wa miaka sabini na kitu, nikatapika miguuni pake. Kisha akamuuliza Muzee kwa hasira wanatufundisha nini kule bureau, yaani ofisini.

Muzee hakunigombeza. Alingoja nipate pumzi, akanipa maji, akasema kwamba salamu yangu ni nzuri sana ila Lac Vert watu wanaheshimiana wakiwa wamesimama. Kisha akawaita wote, akawasha mshumaa ndani ya kopo, akalifunga kamba na kuliteremsha polepole katika kibonde kile kile. Usawa wa kifua, moto ulisimama vizuri. Usawa wa kiuno, ukapungua. Usawa wa goti, ukazimika. Hapakuwa na upepo wala unyevu, ulizimika tu kama mtu aliyeubana kwa vidole. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena na tena, mpaka zikatimia mara tano na wenzangu wakaanza kucheka. Mimi sikuwa ninacheka.

Nilimuuliza kama hewa ya namna hiyo inaweza kuwa kisimani. Akasema si lazima iwe mazuku ya mlima. Kisima kilichofunikwa muda mrefu kinaweza kukusanya hewa mbaya popote duniani. Nikamuuliza mtu akishuka inakuwaje. Akasema anavuta pumzi mbili tatu, magoti yanakatika, hapati hata nafasi ya kuita. Nikamuuliza, na yule aliyeko juu ameshika kamba? Nadhani alielewa. Akasema, “Ule mwenye kushika kamba hana kosa, mwanangu. Angeshuka, mungezika batu babili.”

Kaka, baba mdogo alisimama kwenye msiba wa baba akasema kamba aliyoshukia kisimani ilikuwa mikononi mwa Vedasto. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita. Uliondoka kabla hata ya arobaini, na tangu hapo tunaishi na sentensi ile. Sasa ninakuambia nilichokiona kwa macho yangu: moto ulizimika mara tano. Hukuachia kamba. Hukuchelewa. Baba aliiachia mwenyewe kwa sababu magoti yalikatika, na ungemfuata, mama angezika wawili siku moja.

Lakini hilo ni nusu. Nusu nyingine ni yangu, na imeniuma tangu nikiwa na miaka tisa.

Wote mnaamini baba alishuka kutazama kama kisima kinaweza kusafishwa. Si kweli. Siku iliyotangulia nilikaa ukingoni mwa kisima, pale ubao mmoja wa kifuniko ulipokuwa umeoza, nikaning'iniza miguu ili nisikie kama chini kuna maji. Kiatu changu kipya cha shule, cha kushoto, kikachomoka. Nilimwambia baba peke yake nikilia, kwa kuwa nilimwogopa mama. Akanifuta machozi akasema nisimwambie mtu, kesho atakitoa, na mama atamwambia anakagua kisima. Alishuka akiitunza siri yangu, nami nikaendelea kuitunza baada ya kumzika, huku nikikuona wewe unafunga mzigo wako. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini nimekuwa mtu mzima miaka minne sasa na bado nilinyamaza. Hapo sina cha kujitetea. Nisamehe, kaka.

Nimemwandikia mama haya haya, na baba mdogo pia. Barua zote tatu anazibeba Prodige, dereva wa lori, na Kasulu iko njiani kabla ya kwako. Ukisoma hapa, wao wameshajua. Kamba hiyo umeishika peke yako miaka kumi na mitatu. Nipe mimi sasa. Siku utakayofika nyumbani, panda darini jikoni, upande wa kuni. Kuna kiatu changu cha kulia, kidogo, nilichokificha kwa kukifunga kitambaa cha bluu. Mpe mama mkononi, ili asiwe na shaka kwamba ninasema kweli.

Mama Kasoki anakusalimu ingawa hakujui. Anasema kaka wa Emerance lazima naye ni mwenye maswali mengi. Mbusu bwana mdogo, msalimu wifi na majirani wote. Mafunzo yakiisha nitapewa siku kumi za likizo kabla ya kazi. Nitazitumia Kasulu, na safari hii sahani yako nitaifunika mimi. Tafadhali ufike kabla haijapoa.

Ni mimi mdogo wako,
Emerensiana