Misa ya Skolastika

Litembo

Mdogo wangu Kilian,

Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua na baridi hii. Kahawa imeiva yote kwa mkupuo na wachumaji hawapatikani.

Mchezo wako wa redio tunausikiliza kila wiki. Uliniomba nikwambie kama Skolastika wako, yule mgonjwa wa kansa, anafanana na mtu wa kweli. Hafanani. Umeandika kwamba alipopewa majibu alianguka chini akapiga mayowe. Mtu haanguki, Kilian. Anasema, "Asante daktari," anajifunga kitenge vizuri, anatafuta bodaboda ya kumrudisha nyumbani kabla ukungu haujashuka. Kesho yake anachuma kahawa, anashangaa mikono bado inaijua kazi. Andika hivyo.

Utajiuliza nimeyajulia wapi. Jiulize taratibu, na Mama usimpigie simu.

Yeye anampenda Skolastika kama jirani. Jumapili iliyopita alimtolea nia ya Misa, wala hakumwambia Padre kwamba ni mtu wa redioni. Padre aliposoma, "Tumwombee mgonjwa wetu Skolastika," Mama alilia mpaka watu wakageuka. Nilikuwa kando yake, na nikaitikia "Ee Bwana, utusikie" kwa sauti kubwa kuliko kanisa zima.

Najua umepanga afe mwezi ujao. Mwache kwanza aishi. Mama bado hajajua anamwombea nani.

Ni mimi dada yako,
Ottilia