Nilidhani "Kwa 100 g" Ni Sifa

Binti yangu kapandishwa cheo! Sasa ndiye mkuu wa lebo kiwanda kizima, kile kinachotengeneza makaroni ya krimu na kuku, yale ya kwenye trei unayoyapasha moto dakika nne ukala, na zile namba za nyuma ya pakiti, za mafuta na protini na chumvi, ni mwanangu anayezipima na kuzipanga, yaani mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mtu anayepima chumvi kwa mashine. Haya, sasa ndiyo nikusalimu, Shangazi mshauri, hujambo, mimi mzima ila nimechoka, nimechoka na binti, nimechoka na baba yake, nimechoka na maandishi madogo kama mayai ya chawa, nisaidie kabla sijapasuka.

Mume wangu ana presha, mwaka wa tatu huu, na daktari alishasema apunguze chumvi na mafuta. Sasa binti alipotuletea trei sita akasema ni za kuonja tu, mimi nikavaa miwani, nikageuza pakiti, nikasoma mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, mafuta 7, chumvi 0.9, haifiki hata moja, na juu ya namba zote pameandikwa "kwa 100 g", nami nikaelewa ni mia kwa mia, ubora kamili, kama mtoto aliyepata mia kwenye mtihani, na ile g sikuijali, nikadhani ni alama ya kiwanda. Nikamwambia mzee, "Kula baba, hiki kimepimwa na damu yako." Trei zile sita zilipoisha nikawa nanunua dukani, akawa anakula moja mchana na moja jioni, miezi miwili sasa. Na kwa kuwa mimi si mchoyo wa habari njema nikatangaza mtaa mzima, jirani yangu fundi cherehani ambaye naye ana presha nikampelekea kwa mikono yangu, nikamwambia, "Mwenzangu, tupa chumvi yako yote, chakula cha mwanangu ni mia kwa mia," mpaka wakanibandika jina, Mama Mia Mia, na sikulikataa, nililivaa kama kilemba.

Wiki iliyopita mzee akapimwa kliniki, 178 kwa 104. Nesi akauliza, "Mzee wangu, unakula nini?" Akajibu kifua mbele, "Chakula cha binti yangu!" Nikampigia binti simu nikiwaka, nikamwambia mashine zenu zimeharibika.

"Mama, kwani ulisoma nini?"

"Chumvi sifuri nukta tisa, mia kwa mia."

"Mama, hiyo ni kwa kila gramu mia. Trei moja ina gramu mia nne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zidisha kwa nne! Baba anakula ngapi?"

"Mbili."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Shangazi, alipiga ukelele ambao sijausikia tangu alipokuwa anaota meno. Akanipigia hesabu hapo hapo, trei mbili ni gramu saba na nukta mbili za chumvi, na mtu mzima, hata asiye na ugonjwa wowote, anaambiwa asifikishe tano kwa siku. Nikamuuliza, kama hakifai mbona mnakipika? "Kinafaa, mama, mtu akila kimoja siku amechoka kupika. Si dawa ya presha. Nani alikwambia ni dawa?"

Sasa tatizo lenyewe. Nimemwandalia sherehe ya cheo Jumamosi hii, watu arobaini, friza imejaa makaroni mpaka mlango unafungwa kwa goti, na yeye anasema nisipomwambia baba yake na fundi ukweli kabla ya siku hiyo, haji. Sherehe yake mwenyewe! Anasema, "Lebo yangu haikudanganya, mama. Aliyedanganya ni wewe." Mimi? Na mzee nikimfichia trei anang'aka, "Unaninyima jasho la mwanangu?" Nami kumwambia nilikosea, ulimi unakuwa mzito. Je, siwezi kungoja sherehe ipite, halafu niwaambie polepole, mmoja mmoja? Nitaupitaje mtaa huu, mimi Mama Mia Mia?

— Mama Mia Mia

SHANGAZI ANAJIBU

Mama, hongera ya binti, na naitoa kwa moyo wote. Sasa nisikilize.

Ungoje sherehe ipite? Presha ya mumeo umeipa kadi ya mwaliko? Kila siku unayongoja ni trei mbili nyingine, na wewe ndiye unayezipasha moto. Mwanamke uliyetangaza mtaa mzima kwa siku moja, leo unaniambia ulimi mzito!

Kukosea si kosa kubwa. Namba ulizisoma sawasawa, ukateleza kwenye mstari mmoja, na wengi wanateleza hapo hapo, mimi mmoja wao. Barua yako ilinipeleka kwenye friza yangu. Nina trei ya kampuni nyingine, nayo imeandika kilokalori 150, nikafurahi, kumbe trei nzima ni 600. Picha ya juu inaonyesha kuku kama wa harusini, nyuma wameandika kuku asilimia tisa, yaani gramu thelathini na sita, naweza kumficha wote kiganjani. Nilikasirika nikaila hivyo hivyo.

Na binti yako naye aache kukunja uso. Mtaalamu mzima amletee mgonjwa wa presha trei sita, aseme "onjeni tu", aondoke? Angekaa nanyi dakika tano na ile pakiti. Mwambie nimesema mimi.

Ila kwa jambo moja ana haki. Watu wakiugua, watasema lebo ya yule msichana ni ya uongo, na kazi yake ni hiyo lebo.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Mkalishe mumeo, mpe pakiti na kikokotozi cha simu, azidishe mwenyewe kwa nne kisha kwa mbili. Usimhubirie, namba itamtosha. Kesho mrudishe kliniki na pakiti mkononi, nesi aione, na dawa zake asiziache hata siku moja. Ukitoka hapo nenda kwa fundi cherehani, usitume mtu, useme, "Mwenzangu, nilisoma vibaya, nenda ukapimwe." Akicheka, ngoja amalize kucheka, halafu umsindikize.

Trei za friza wagawie majirani wasio na presha, mojamoja, wale na bakuli la mboga, na uwaonyeshe ule mstari. Sherehe upike mwenyewe: wali, mboga nyingi, kuku anayeonekana kuwa ni kuku, na chumvi uipime kwa kijiko, si kwa mkono wa furaha.

Ukimaliza, mtumie binti ujumbe, mfupi, bila majigambo: "Baba yako anajua. Fundi anajua. Mtaa wote nimewaambia kwa mdomo wangu. Tunakungoja Jumamosi."