Kikompyuta cha Maabara Kimewaka

Jumatano, baada ya magharibi

Kimewaka, na afadhali kisingewaka.

Siku tatu nimehangaika kuweka Linux, mfumo wa kukiendesha, kwenye kadi ya memori kama vijana wa vibandani hapa Gungu wanavyoweka nyimbo: nakili, bandika, chomoa. Kikompyuta chenyewe, kidogo kama boksi la kiberiti, kikawa kinatoa taa nyekundu tu. Leo nimegundua kwamba faili la mfumo huo halinakiliwi. Linaandikwa kwenye kadi kwa programu yake, na kadi nzima inafutwa kwanza. Nilipofanya hivyo, maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini. Nikakaa chini kwa furaha.

Mkuu wa shule akaja kuangalia. Nikamwamkia, kisha nikamkumbusha barua yangu ya uhamisho. Inangoja saini yake tangu mke wangu ajifungue Mbeya. Mtoto namjua kwa picha za simu.

"Huku ni mwisho wa reli, mwalimu. Nikikuachia, hiki kikigoma nitamwita nani?"

Nikasema nitamfundisha mwenzangu yeyote. Akacheka, akanipiga bega. "Kwanza tuwashie vile vingine tisa."

Viko kabatini, kwenye maboksi yake. Ufunguo amenikabidhi mimi.