Bongo Mupya Yenye Kunyamaza

Papa,

Ni miye, Mujinga wako. Ninakuandikia hapa mu atelier yako ya kutengeneza machine, pa meza yako ya dirisha, fasi yenye ulikuwa unapenda kuikala juu mwangaza ya jua hailombake courant ya umeme. Courant yenyewe ilienda tangu asubui. Chuma ya kulehemu ilishapoa. Mutoto analala chini mu carton ya ordinateur, nilimutandikia kitenge ya Mama mule ndani. Kuko kimya muzuri. Njo maana nilikamata bic.

Habari ya nyumba kwanza. Mama iko muzima. Alirudia ku soko na lengalenga yake. Magoti inamuuma, lakini mudomo haimuumi hata kidogo, unamujua. Kibao yako iko pale pale juu ya mulango: «Chez Papa Ilunga». Mvua ilianza kukula rangi, sasa bantu banasoma «hez Papa Ilunga». Bwana yangu alitaka kupaka rangi upya, nikamuambia angoje. Nitakuelezea juu ya nini.

Na huyu wa mu carton, hamukuonana. Ulienda nikiwa na mimba yake, na mara ya mwisho ulitia mugongo ya mukono pa tumbo yangu sawa vile ulikuwa unafanya ku machine, ukasema, «Huyu anatumika.» Ni mwanaume. Tulimupa jina yako. Ni majina yako, wa jina moya na weye, Papa, basi ninamuitaka Papa, sawa vile desturi inaomba. Shida inatokea hapa ku atelier. Muzee moya alitoka mbali, hakusikia habari ya kilio yako, akauliza, «Papa iko?» Nikajibu bila kuwaza, «Iko, analala.» Akasema atangoja. Akaikala pa kiti na radio yake mu magoti. Kiisha mutoto akalia, nikasema, «Papa ameamuka, anataka nyonyo.» Ule muzee alisimama, Papa! Radio ikaanguka. Nilimuelezea, akaweka mukono pa mudomo, akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Radio yake nilitengeneza bure. Tangu ile siku bantu ba karibu banamuita Papa Mudogo, ili bateja basiogope.

Sasa nikuambie kintu yenye inanisumbua kichwa tangu miezi.

Unakumbuka chambre ya nyuma ku nyumba ya masomo ya Masœur Béatrice, ule mutawa, hapa mutaa Hewa Bora, ile yenye balikuwa banawekamo biti bya kuikalia bya kuvunjika? Ulimuahidi siku moya utaijaza na ma-ordinateur, batoto bajifunze kuandika na kuhesabu pa écran. Ahadi ilibakia kwangu. Masœur alipata bantu ba kumusaidia, akakuja kuniona. Akasema, «Mujinga, atelier ya papa yako njo itaniambia ninunue nini.» Hakusema «wewe». Alisema «atelier ya papa yako». Nilisikia uzito ya ile maneno pa mabega.

Kulikuwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ma-ordinateur ya zamani, ya kutoka Ulaya, yenye bongo, ile kipande ya ndani yenye kuwaza, ya bale bakubwa ba kampuni wenye ulizoea. Unajua mwenyewe, mu maisha yako yote bongo ya machine ilitokaka kwa bale bakubwa tu, wengine hatukuwajua. Lakini ile ni bei ya juu, na Masœur angepata kidogo sana. Batoto bangesukumana kama ku robinet ya maji. Njia ya pili ni kintu wewe hukukiona. Kuko kampuni mupya, jina yake bado inatushinda kutamka, inatengeneza bongo ya bei muchini kabisa. Na machine yenye bongo ile, Masœur angeweza kujaza chambre yote. Kila mutoto na yake. Pa radio banasema hata bale bakubwa bameanza kushuka bei na kuahidi ya kwao ya bei ndogo. Kumbe bakubwa nabo banasikiaka woga.

Lakini wewe ulinilea na neno moya: «Bei muchini, machozi mbele.» Ulikuwa unaisema kila siku, hata ku bantu ba kuuzisha tomate.

Masœur akaleta moya ya kuonja. Niliifungua hapa, pa meza hii. Nikaunga, nikabonyeza. Kimya. Nikatega sikio, hakuna ventilateur ya upepo yenye kuvuma. Nikaweka mugongo ya mukono, sawa vile ulinifundisha, sawa mama mwenye kupima homa ya mutoto. Baridi. Nikakumbuka neno yako ingine: «Machine yenye kunyamaza, uzike.» Nikamutazama Masœur na uso ya kilio, nikasema, «Masœur, pole. Ilikufa.» Nikakamata tournevis, ile bisibisi yako, nikaanza kutoa misumari ya nyuma. Masœur akaigeuza écran upande yangu. Kulikuwa picha ya mulima na saa ikitembea. Ilishawaka zamani! Haina ventilateur, Papa. Ile bongo inakula courant kidogo sana, haichomi, basi haiombi upepo. Masœur alicheka mpaka akavua manoki ya macho. «Mujinga,» anasema, «unazika muntu muzima!»

Nilicheka naye. Lakini moyoni nilishtuka. Kama sikio yenye ulinipa inaweza kunidanganya, basi nitajua namna gani?

Na hapo Papa Donat akasikia. Unamujua, rafiki yako na adui yako, mwenye kuuzisha ma-ordinateur ya Ulaya kule ku barabara kubwa. Yeye alitumaini Masœur atanunua kwake. Alikuja kusimama hapa pa mulango, mikono nyuma, akapima atelier na macho. «Eh, binti ya Ilunga! Nasikia unataka kuwekea batoto ba masomo bongo ya kuchezea?» Nikamupa kiti, ni rafiki yako. Hakuikala. «Siku zitaharibika zote, bantu batauliza nani alizichagua. Batasoma pale juu.» Akanyoosha kidole ku kibao. «Ilunga hakuwekaka jina yake pa takataka. Lakini na weye, mama, jina yako inasema yote.» Mama jirani wa kuuza mikate akacheka. Nami nikacheka kidogo, juu ya heshima. Kisha alienda, nikaingia nyuma ya pazia, nikamunyonyesha mutoto, na machozi ikamuangukia pa uso.

Haikuwa juu ya kuitwa mujinga. Ile nilizoea tangu masomo. Ilikuwa juu ya kibao. Juu Papa Donat alisema kweli: ile chambre ikikufa, batasema atelier ya Ilunga ilikufa pamoja naye. Sina kintu ingine yako Papa. Niko na mutoto mwenye jina yako, na kibao yenye jina yako. Njo maana nilikataa rangi. Nilisema, nikikosea, nitaishusha ikiwa bado na rangi yenye uliweka na mukono yako.

Halafu mutoto akamaliza kunyonya, akalala, na mu ile kimya nikakumbuka hadisi yenye ulikuwa unasimulia kila mugeni, mpaka Mama anachoka, anatoka inje.

Ile ya kuzaliwa kwangu. Vile nilitoka na kamba ya tumbo ikizunguka shingo, njo maana ya Mujinga mu luga ya kwetu, hata kama mu Swahili ni ya kutukanwa. Vile sikulia. Nilikuwa baridi na rangi sawa mbingu ya mvua, na mama muzalishaji akanifunika na kitambaa, akasema pole. Na weye uliingia kwa nguvu, bakikufukuza, ukafunua kitambaa, ukaweka mugongo ya mukono pa kifua yangu. Balikuambia, «Papa, acha, ilishaisha.» Weye ulisema, «Mungoje.» Ukifika hapo mu kusimulia, unanyamaza kwanza, unatazama mugeni, unamuacha ateseke. Kisha: «Akapiga chafya!» Na unapiga meza. «Huyu alizaliwa na câble mu shingo, atashindwa na machine gani?»

Papa, nilisikia ile hadisi maisha yangu yote, na sikuisikia. Weye mwenye kusema machine yenye kunyamaza uzike, weye njo ulikataa kunizika nikinyamaza. Maneno yako mawili haipatani. Nilikaa nyuma ya pazia nikajiuliza, nifuate gani? Nikaona neno ya kwanza ulisemaka na mudomo, ya pili ulifanya na mukono. Nikafuata mukono.

Basi nilingoja. Nikamuomba Masœur aniachie ile machine msimu yote ya jua kali, kabla ya kununua. Niliitesa, ninakuambia kweli. Wakati mabati ilikuwa inalia juu ya joto, niliiacha inatumika. Courant ilipokuja na kuenda, kuja na kuenda sawa muntu mwenye kusahau kofia, sikuichomoa. Vumbi nyekundu ya barabara iliingia mpaka mu sukari. Nayo ikapata yake. Courant ikiisha kabisa, nikaiunga ku batterie ya plaque ya jua, ile ndogo yenye haiwezi hata kuwasha machine yako ya zamani. Ikawaka. Kila asubui mugongo ya mukono. Kila asubui baridi, na saa inatembea.

Sikumudanganya Masœur. Ile machine haiko na mbio. Ukiiomba film nzito inakwama, inawaza sana sawa Mama akichagua samaki. Na kintu ya kuniuma: niliifungua, nikaona yote ilishonwa pamoja pa carte moya, kipande moya tu, bongo na kumbukumbu, hakuna ya kutoa na kuweka ingine sawa ulivyonifundisha. Ikiharibika hapo katikati, mukono yangu haina mengi ya kufanya. Nilimuambia yote. Nikamuambia pia, kwa kuandika, kuhesabu na kusoma masomo, inatosha na inabakia. Ahifadhi zingine mbili pembeni, tutoe mule écran na batterie kama za batoto zinakufa. Masœur aliuliza, «Ni atelier ya papa yako inasema?» Nikajibu, «Ni miye, Masœur. Miye Mujinga.» 

Alinunua.

Nilienda siku ya kwanza, Papa Mudogo mu mugongo. Nilizunguka natia mukono ku kila moya. Kisha batoto bakaingia. Nilizoea chambre ya machine kuvuma sawa moulin ya kusaga unga ya bukari. Hii ilikuwa kimya. Nilisikia bidole tu, bidole bya batoto pa ma-touche ya kuandikia, sawa mvua yenye kuanza polepole pa mabati, moya, moya, halafu mingi. Kila mutoto na yake, Papa. Hakuna mwenye kusukumana. Kasichana kamoya ka meno ya kutoka kaliandika jina yake, kakaangalia, kakafuta, kakaandika tena, juu ya kufurahi tu. Pembeni ya dirisha nikaona uso yenye ninajua: mujukuu wa Papa Donat. Nilimusaidia sawa bengine.

Papa Donat mwenyewe alipita juzi. Alisimama pa mulango, akauliza kama machine za batoto zinapumua bado. Nikasema zinapumua. Akasema, «Tutaona wakati ya mvua na radi.» Iko na haki, tutaona. Kisha akaingia, akainama, akaweka mugongo ya mukono pa ile machine ya kuonja, sawa weye. Kumbe mulijifunzaga pamoja! Akaiacha pale mukono, kitambo.  Akamutazama mutoto mu carton, akasema, «Papa, lala muzuri,» akaenda. Sijue alisema na nani.

Tulienda ku makaburi dimanche, siku ya Mungu. Mama alipalilia majani. Miye niliweka mugongo ya mukono pa ciment ya kaburi yako. Ilikuwa baridi, Papa, na kimya. Zamani ningelia mpaka banibebe. Ile siku nilibakia tu pale, mukono ikitulia, sawa muntu mwenye kutumika.

Kesho bwana yangu ananunua rangi. Ataandika vile vile, «Chez Papa Ilunga», na chini, na herufi ndogo, «na Mujinga binti yake». Basome na kucheka kama banataka. Ninakuahidi machine ikifika hapa, ya bakubwa ao ya badogo, sitaizika na sikio. Na huyu wako, akikua, nitamufundisha mugongo ya mukono kabla ya tournevis.

Courant imerudi, ninasikia radio ya jirani. Mutoto anajigeuza. Lala muzuri, Papa yangu mukubwa. Umenyamaza sana, lakini hainishtue tena. Kifua yangu nayo ilinyamazaka, na weye ulingoja.

Mungoje, ulisema.

Ninangoja.

Mujinga