Filamu ya Mama Imefika Nisikofika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefika njia panda na kila ninayemuuliza ananivutia kwake. Mimi natengeneza filamu, sina kampuni, nina kamera moja na kompyuta iliyokaa kwenye meza ya kulia, na filamu yangu ya kwanza inamhusu mama na mdogo wangu wa kiume, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye hakupata shule ya lugha ya alama, basi mama akabuni lugha yao wenyewe ya mikono, pale jikoni, kidogo kidogo, hadi wakawa wanagombana, wanataniana na hata kuwasengenya wageni mbele ya macho yao. Nilizunguka nayo kwenye majumba ya sinema, wakasema ni nzuri ila ina kimya kingi, nani atatoa hela kutazama kimya, nikachoka, nikaiweka mtandaoni bure.

Mshauri, kilichofuata sijui nikieleze vipi. Mtu nisiyemjua alitafsiri maandishi ya chini ya filamu kwa lugha yake, mwingine naye kwa yake, kisha zikaanza kuja video kutoka nchi ambazo hata kuzitamka siwezi, akina mama na watoto wao viziwi, kila nyumba na mikono yake, wakisema nasi tuna ya kwetu. Mama aliishika simu kwa mikono yote miwili, akaniambia, "Mwanangu, kumbe sikuwa peke yangu?" Bibi mmoja wa mbali huko alama yake ya njaa ni ileile ya mama, na mdogo wangu alipoiona aliruka akaigusa skrini.

Sasa kampuni kubwa ya kusambaza filamu inaitaka, ila niiondoe mtandaoni na niweke sauti ya msimulizi juu ya kile kimya. Mume wangu anasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, tia sahihi tujenge nyumba." Mdogo wangu nilipomweleza alinifunika mdomo kwa kiganja, akatoka nje. Nifanyeje?

Mwenye Kamera Moja

Mwenye Kamera, mimi kazi yangu kusoma shida za watu, miujiza sijaizoea. Nilipofika kwa yule bibi na njaa yake niliiweka barua chini kwanza. Mama mpe shikamoo yangu.

Sasa nikugombeze. Mdogo wako amekujibu waziwazi, wewe bado unazunguka kutafuta jibu! Mumeo hana ubaya, anataka nyumba ile. Lakini kampuni hiyo imeona umati mlangoni kwako, filamu yenyewe haijaiona, na umati huo hakuuleta yeyote kati yao.

Usitie sahihi wiki hii. Tafuta wakili anayejua mikataba ya wasanii, asome kila mstari. Waambie msimulizi hakuna, na mtandaoni haitoki. Wakitaka kuionesha kwenye televisheni, wape kwa muda maalumu, si milele. Wakikataa, waage kwa adabu. Kisha waandikie wale waliokutumia video, maana hao ndio wasambazaji wako: waioneshe kwenye kumbi na shule zao kwa kiingilio mtakachopatana, na wakukusanyie anwani za watazamaji, ili filamu ya pili ikiwa tayari ujue pa kuipeleka. Mumeo mkabidhi kazi ya kupanga maonyesho hayo. Atapata la kufanya badala ya kunung'unika.

Ila kabla ya yote, keti na mdogo wako. Usimweleze tena kitu. Muulize anataka filamu yake imfikie nani, kisha tulia umtazame mikono.