Ngozi Isiyofinyika

Jumanne, 4 Machi
Tumerudi nyumbani Moonta kutoka hospitali Adelaide. Mgongo hoi — gari la Mervyn! Ugonjwa una jina: skleroderma. Ngozi inakakamaa, inakuwa nene, basi. Daktari Pham alijaribu kunifinya mkono, akashindwa. Mervyn akadakia: mimi mumewe, miaka thelathini na minane sijapata pa kumfinya! Daktari hakucheka. Mimi nilicheka — nusu. Mdomo unaishia hapo siku hizi.

Dawa ya kuponya hamna. Za kuuzuia zipo. Methotreksati, mara moja kwa wiki. Au maikofenoleti, kutwa mara mbili. Zikishindwa, ipo ya dripu. Kwanza wanipime mapafu, ugonjwa huingia hata huko.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi Noreen, dadake Mervyn, kaja, kanikodolea macho. "Wifi! Makunyanzi yako yamekwenda wapi? Unapaka nini? Usinibanie!" Nikamwambia ni ugonjwa. Eti wachoyo wote husema hivyo. Kaondoka kanuna.

Jumapili, 9 Machi
Aibu! Chakula cha kanisani, pai la nyama, mdomo umegoma kufunguka. Mervyn katoa mfukoni mkasi wa kupogolea mawaridi, kalikatakata mbele ya mchungaji. Noreen akaona. Akaviona na vidole vyangu, havikunjiki tena. Akaangua kilio juu ya kastadi yake. Kaniomba radhi mara sita. Halafu kauliza kama hiyo dawa nayo inanyoosha uso.

Jumatano, 12 Machi
Mervyn kasoma karatasi zote za dawa, miwani puani, kama hakimu. Methotreksati haipatani na pombe.
"Hiyo tumeifuta."
Mgonjwa nani hapa? nikamuuliza.
"Wewe. Lakini divai yangu nitakunywa na nani?"

Jumatatu, 17 Machi
Adelaide tena. Mapafu yameanza kukakamaa, sehemu za chini. Basi maikofenoleti — Daktari Pham anasema kwa mapafu yangu ndiyo afadhali. Nilimsubiri Mervyn atanie. Hakutania. Bora angenitukana.

Ijumaa, 21 Machi
Tumbo! Mervyn kasimama nje ya mlango wa choo, anasoma karatasi kwa sauti: kuharisha, hutokea mara nyingi. Asante, Mervyn, nilikuwa sina habari!

Dawa kaipa jina la kiume, Maiko. Noreen alipopiga simu akamjibu: "Verna hawezi kuja, yuko na Maiko." Dakika kumi hazikupita, Noreen huyo mlangoni, midomo imepakwa rangi.

Jumatatu, 24 Machi
Leo nafuu. Chai na biskuti, zimekaa tumboni.

Jumamosi, 29 Machi
Mervyn ana mafua. Daktari alituonya, dawa hii inashusha kinga, nisikae karibu na wagonjwa. Basi tangu juzi kahamia kwenye karavani, kijumba chetu cha magurudumu nyuma ya nyumba, yeye na redio yake. Hakuna aliyemfukuza!

Mchana huu nimevaa barakoa, nimempelekea supu. Kajifungia kwa ndani.
"Weka chini, uondoke!"
Fungua, Mervyn.
"Sifungui! Utapata wapi mapafu mengine, Verna?"
Nikasema haya, naenda.

Sijaenda. Nimekaa kwenye ngazi ya karavani, daftari gotini. Supu inapoa. Redio kaizima. Anauliza kama nimeshaondoka. Mara ya tatu sasa. Nikimjibu, atanifukuza.